Asilimia 71, Halafu Mkurugenzi Anasema Hapana

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Naona pale nyuma mmeshaanza kucheka, mnajua naenda kwenye ile kura ya bangi ya Denton. Ndiyo naenda Denton, na nitaenda mpaka mchoke, maana kila nikisimama mahali lazima mtu aniulize "kwani bangi huku Texas si walishairuhusu?" Hawajairuhusu. Ukikamatwa nayo chini ya aunsi 2, yaani kama gramu 57, sheria ya jimbo inasema mpaka siku 180 jela na faini mpaka dola 2,000. Kilichotokea ni kwamba kuna miji wananchi wamepiga kura, basi.

Sasa sikilizeni. Novemba 2022 watu wa Denton, huu mji wa chuo kikuu hapa juu ya Dallas, waliletewa Pendekezo B, yaani hoja ya kupigiwa kura. Halikusema bangi ni halali, naomba mnielewe hapo. Lilisema polisi wa jiji wasimkamate mtu wala kumwandikia tiketi kwa bangi isiyozidi aunsi 4, labda kama wanachunguza kosa kubwa, na harufu peke yake isiwe sababu ya kumpekua mtu. Sahihi zikakusanywa, kikundi cha wanaharakati cha Ground Game Texas na vijana wa pale wakahangaika mlango kwa mlango, kura zikahesabiwa, zaidi ya asilimia 71 wamekubali. Sabini na moja! Niambieni nyinyi, diwani yupi anapataga hiyo?

Halafu mkurugenzi wa jiji, Sara Hensley, ambaye hakuna mwananchi aliyempigia kura maana huyo anaajiriwa na baraza, akasema hana mamlaka ya kuwaambia polisi waache kutekeleza sheria ya jimbo. Kwisha habari. Kura ipo, imethibitishwa, imeingia kwenye sheria za jiji, na askari anaendelea kuamua mwenyewe kama jana. Watu wakawarudia madiwani wakawaambia haya basi pitisheni nyinyi kwa mikono yenu, Juni 2023 baraza likapiga kura, 3 wanataka, 4 hawataki. Watu wanne bana.

Na kinachonichoma zaidi ni kwamba Denton hii hii ilishafanyiwa mchezo huo. Mwaka 2014 walipiga kura kukataza ile namna ya kuchimba gesi kwa kupasua mwamba kwa maji na kemikali, visima viko karibu na nyumba za watu, asilimia 59 wakasema hatutaki. Mei 2015 gavana Abbott akasaini sheria ya jimbo, HB 40, kwamba miji haina ruhusa ya kukataza, mwezi uliofuata baraza likafuta katazo lenyewe. Kwa hiyo mtu akiniambia ugomvi huu ni wa bangi namuuliza, kwani gesi nayo inasokotwa? (kicheko) Ugomvi ni nani mwenye mji.

Najua, najua, kuna mwanasheria anataka kuninyooshea mkono. Kifungu 370.003 cha sheria ya jimbo ya serikali za mitaa, jiji haliruhusiwi kuwa na sera ya kutotekeleza kikamilifu sheria za dawa za kulevya. Nimekisoma. Lakini jimbo hilo hilo tangu 2007 linamruhusu askari akupe tiketi badala ya kukupeleka ndani kwa bangi hiyo hiyo ndogo, na hakuna mkuu wa polisi hata mmoja anayetekeleza kila sheria kila siku, wote wanachagua, kuna magari mangapi yanapita hapo nje kwa spidi ya wazimu na askari anakunywa kahawa? Sasa wananchi wakisema tuchague hivi, ghafla kuchagua ni dhambi.

Mimi ninachosema ni kimoja, umepewa kura na watu, itekeleze mpaka jaji akuzuie. Usijizuie mwenyewe kabla hujashtakiwa. Austin walipitisha kura kama hii Mei 2022 kwa asilimia 85 wakatekeleza. Januari 2024 mwanasheria mkuu wa jimbo Ken Paxton akaishtaki miji mitano, Austin, San Marcos, Killeen, Elgin na... haya semeni wenyewe... Denton! Waliogoma kutekeleza nao wamo! Sasa ule woga uliwasaidia nini? Kesi za Austin na San Marcos majaji wa wilaya walizitupa 2024, jimbo likakata rufaa, kesi zikaangukia Mahakama ya Rufaa ya 15, mahakama mpya iliyoanza Septemba 2024 na majaji wake wa kwanza waliteuliwa na gavana, Aprili 2025 ikalipatia jimbo ushindi. Sawa, inauma, lakini angalau hapo aliyesema hapana anajulikana na sababu zake zimeandikwa.

Harker Heights, mji mwingine wa Texas uliopitisha kura kama hii, nipite haraka, baraza lilifuta kura ya watu ndani ya wiki chache tu, watu wakarudi na sahihi, Mei 2023 wakapiga kura kulifuta lile lililofuta. Dallas 2024 karibu theluthi mbili wamekubali, mwezi ule ule wakashtakiwa. Na msiniambie watu wanapitisha tu chochote, Lubbock walikataa 2024, San Antonio walikataa 2023 ingawa kule walichanganya na utoaji mimba. Mbona matokeo ya Lubbock hakuna aliyeyapeleka mahakamani?

Kwa nini mijini? Kwa sababu Texas mwananchi hawezi kukusanya sahihi akapeleka sheria kwenye kura ya jimbo zima. Michigan wanaweza, Colorado wanaweza. Hapa mlango ni huo mmoja, na ndio unaopigiliwa misumari.

La mwisho, na hili ni letu sisi wahamiaji. Kura ya mji inawahusu polisi wa mji tu, sherifu hahusiki, polisi wa jimbo wa barabara kuu hawahusiki, polisi wa chuo hawahusiki. Na wenye grini kadi, sheria ya uhamiaji ni ya serikali kuu, haiangalii Dallas walipiga kura gani, unaweza kupata shida mpakani kwa kukiri tu kwamba ulivuta. Mwenye wasiwasi na makaratasi yake aonane na wakili wa uhamiaji kabla ya kukata tiketi ya kwenda nyumbani, asije kuniuliza mimi pale kwenye pilau.

Haya, mwanasheria, ulikuwa unasema?