Iondoeni Petroli Kwenye Benchi: Mhadhara Kuhusu Kufungua Master Silinda ya Pikipiki

Ndugu mafundi, na ninyi wenye pikipiki mnaopenda kujitengenezea nyumbani, sitaeleza breki ya diski ni nini, kwa kuwa hakuna aliyekuja hapa asiyeijua. Naanza na kopo la petroli mnaloliweka kando kabla hamjafungua hata skrubu moja ya master silinda, ile pampu ya breki iliyo kwenye usukani. Liondoeni.

Nimelisema jambo hili mara nyingi, na najua wapo wanaojibu kimoyomoyo kwamba petroli husafisha kila kitu na hukauka upesi. Hukauka juu ya chuma. Mpira huwa umekwisha kuinywa. Vikombe vya mpira vilivyomo ndani ya master silinda vimetengenezwa kuvumilia mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4, na vikiguswa na petroli, mafuta ya taa au oili ya injini, huvimba. Kikombe kilichovimba huizuia pistoni kurudi hadi mwisho, na isiporudi, hubaki imeliziba lile tundu dogo la kurudishia mafuta kwenye kopo la juu, lile linalohifadhi mafuta ya breki. Mafuta hubaki yamefungiwa chini, pedi huendelea kuisugua diski, diski hupata moto, mafuta hutanuka na breki hukaza zaidi, mpaka gurudumu la mbele ligome kuzunguka. Hapo mwenye pikipiki hununua pedi, kisha kaliper nzima, yaani kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, na kosa bado lipo juu kwenye usukani!

Mtaniuliza tusafishe kwa kitu gani, basi. Kwa mafuta mapya ya breki yaleyale. Ni ghali kuliko petroli, nakubali. Anayeona ghali na alinganishe na gharama ya gurudumu la mbele kujifunga akiwa na abiria mgongoni.

Lile tundu dogo la kurudishia mafuta lina hila nyingine. Ndani ya kopo mna matundu mawili, na wengi hulisafisha lile kubwa linaloonekana, wakaridhika. Dogo ni jembamba kama tundu la sindano, na uchafu wa mafuta ya zamani huliziba pasipo mtu kujua. Lizibueni kwa uzi mmoja wa waya wa umeme. Msithubutu kulitoboa kwa drili, kwa maana likipanuka litakikwangua kikombe kila mnapofunga breki.

Muda unanikimbia, kwa hiyo mengine nayapitia haraka. Midomo ya vikombe ielekee upande wa springi. Kipenyo cha silinda, kwa mfano 14 mm, mara nyingi kimeandikwa kwenye mwili wake, na vipuri vilingane nacho. Ukuta wa ndani ukiwa umeliwa, usiusugue kwa msasa; nunua silinda nyingine. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi na DOT 4, ingawa DOT 5.1 huchanganyika nayo. Aliyezipanga namba hizo hakutuhurumia.

Kutoa upepo kwenye mafuta ya breki nilikusudia kuwaeleza kwa kirefu, lakini petroli imekula saa yangu, wala sijutii. Kazeni niple, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo, kabla ya kuachia mkono wa breki. Kisha, kifuniko cha kopo kikiwa bado wazi na rangi ya tangi imefunikwa kwa kitambaa, bonyezeni mkono huo taratibu: mafuta yakiruka kidogo juu ya tundu dogo, njia ni nyeupe, yakitulia tuli, fungueni silinda upya kabla ya kuwasha pikipiki.