Kisima cha kwanza nani alipie?

Haya jamani, shikamooni wazee, na vijana mambo. Leo nimeitwa niongee kuhusu hela za serikali na hizi teknolojia za kupunguza gesi chafu, na mimi naanzia Olkaria, pale Naivasha. Waliopita Hell's Gate wameuona ule mvuke mweupe na mabomba yanazunguka vilima, basi ule mvuke ndo stima, kama asilimia 40 ya umeme wa Kenya unatoka chini ya ardhi, hakuna dizeli wala makaa ya mawe yanayochomwa.

Sasa kisima cha mvuke si kama cha maji. Unashuka kilomita mbili, wakati mwingine tatu, kimoja kinakula mamilioni ya dola na unaweza kufika huko chini ukakuta mvuke hautoshi, hela ishaenda. Benki haiwezi kukukopesha hapo na mimi siilaumu, ile ni akiba ya watu.

Olkaria walichimba visima viwili kuanzia 1956, havikutoa kitu cha maana wakaacha, miaka ya 70 serikali ikarudi pamoja na Umoja wa Mataifa, mara 1973 mafuta yakapanda bei dunia nzima na kila mtu akaelewa kwa nini tunahangaika na mvuke, mtambo wa kwanza ukawaka 1981, megawati 15. Miaka 25 hiyo! Mfanyabiashara gani angevumilia?

Ndo maana 2008 serikali ikaunda GDC, kampuni yake ya mvuke wa ardhini, kazi yake ni kuchimba, kisima kikikosa mvuke hasara ni ya serikali, kikipata wanauzia wenye mitambo. Menengai, kule Nakuru, walianza kuchimba 2011 lakini mtambo wa kwanza wa kampuni binafsi, megawati 35, umeanza 2023, na hapo kwa kweli naumia, kwa sababu kuchimba tulishalipia sisi walipa kodi halafu mvuke unakaa unangoja makaratasi.

Dada pale nyuma ameuliza, si bora hela ziende kwenye sola, rahisi? Ni rahisi leo, dada yangu. Wajerumani tangu sheria yao ya mwaka 2000 walikuwa wanaongezewa kwenye bili ya umeme ili mwenye paneli alipwe vizuri, wakati huo paneli ni ghali kupindukia, viwanda vikapata soko vikakua, Wachina wakaingia kwa nguvu, bei ikaporomoka. Hiyo paneli uliyofunga kwako, kisima chake cha kwanza walilipia Wajerumani.