Vichupo vya Chrome Vinakufa Kila Mara? Tumtafute Mchawi

Assalaam alaikum, karibuni. Leo nipo saiba, hapa Langoni, Lamu, na mashine hii ina ugonjwa mnaoniuliza sana: unafungua ukurasa kwenye Chrome, kile kivinjari cha kufungulia tovuti, unaanza kujaza, mara kichupo, yaani ule ukurasa uliofungua, kinakufa. Mama mmoja alikuwa anajaza fomu ya pasipoti kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, akaniita: "Mwanangu, mtandao wenu umekatika tena." Mtandao ulikuwa mzima, wala haukuwa na habari.

Tazameni skrini. Ukurasa huu wa kwanza una kidinosau kimesimama, na chini yake msimbo unaoanza na ERR. Hiyo ni intaneti: angalia rauta, angalia bando. Huu wa pili una faili lenye sura ya huzuni. Hapa kilichokufa ni ile programu ndogo inayouchora ukurasa ndani ya kompyuta yako. Tangu Chrome itoke mwaka 2008, kazi za vichupo hutengwa, kama mashua zilizofungwa gatini: moja ikizama, nyingine zinaelea. Kwa hiyo usikimbilie kufuta Chrome na kuiweka upya. Mafundi wengi huanzia hapo, na aghalabu ugonjwa hurudi siku ya pili, maana ukiingia tena kwa akaunti yako, mipangilio na viendelezi vyako vyote, yaani viprogramu ulivyoongeza ndani ya Chrome, vinarudi nawe.

Kabla hujapakia upya, soma msimbo ulio chini ya ile sura. Piga picha kwa simu kama utausahau. Ukiona Out of Memory, memori, yaani RAM, nafasi ambamo kompyuta hufanyia kazi zake, imekwisha. RESULT_CODE_HUNG maana yake ukurasa umekwama, haujibu. STATUS_ACCESS_VIOLATION ndiyo yenye mambo: programu imegusa sehemu ya memori isiyoruhusiwa, na sababu yaweza kuwa kiendelezi, antivirusi, draiva ya kadi ya picha, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo, au RAM yenyewe.

Tuanze na memori, kwa sababu kwenye mashine za mtumba ndiyo mshukiwa wa kwanza. Chrome ikiwa wazi, bonyeza Shift na Esc pamoja. Linatokea dirisha dogo lenye orodha ya kila kichupo na kila kiendelezi. Bonyeza kichwa cha safu ya memori ili walaji wakubwa wapande juu. Haya, mwoneni huyu: kichupo cha mechi ambacho mtu amekiacha wazi akaenda zake, kimekula zaidi ya gigabaiti moja. Mashine yote ina gigabaiti 4, na Windows imeshachukua sehemu yake kubwa. Kichague, kisha bonyeza kitufe cha kukimaliza.

Sasa nenda kwenye nukta tatu juu kulia, Mipangilio, kisha Utendaji, uwashe sehemu ya kuokoa memori. Chrome yako ikiwa ya Kiingereza, mpangilio ni huo huo. Kazi yake ni kuvilaza vichupo usivyovitumia. Msiogope kuhusu fomu: kichupo chenye fomu iliyojazwa nusu hakilazwi, wala kinachopiga sauti. Halafu angalia diski C. Ikiwa imejaa pomoni, Windows haina pa kusogezea mzigo RAM inapojaa, na vichupo vitaendelea kufa hata ukibakiwa na vitatu.

Memori ni sawa na bado vinakufa? Bonyeza Ctrl, Shift na N. Hili ni dirisha fiche, na humo viendelezi havifanyi kazi isipokuwa uliviruhusu mwenyewe. Fungua ukurasa ule ule. Ukikaa vizuri, mchawi ni kiendelezi au data iliyohifadhiwa ya tovuti ile. Andika chrome://extensions kwenye sehemu ya anwani, zima vyote, kisha washa kimoja, tumia kidogo, washa kingine. Kazi ya kuchosha, lakini haina njia ya mkato. Mimi huanza kuwashuku vizuia matangazo viwili vilivyowekwa pamoja, na vile vya kupakua video. Wanaotumia Firefox, kivinjari kingine, shikilia Shift unapoifungua; itakuuliza kama unataka kufungua bila viendelezi.

Ikiwa vinakufa hasa kwenye video au ramani, na skrini inameta au inakuwa nyeusi kwanza, nenda Mipangilio, Mfumo, uzime matumizi ya kadi ya picha, kisha ufungue Chrome upya. Ikitulia, sasisha draiva ya kadi ile, halafu uwashe tena. Usiiache imezimwa milele, video zitaisumbua prosesa bure.

Toleo nalo: nukta tatu, Usaidizi, Kuhusu Google Chrome. Ukikuta 109 na haisogei, basi Windows yako ni 7 au 8, maana kuanzia Chrome 110 ya mwaka 2023 inatakiwa Windows 10 kwenda juu. Hapo dawa ni kubadilisha Windows.

Mwisho kabisa, RAM. Hifadhi kazi zako, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika mdsched.exe, ukubali mashine iwake upya. Itajipima yenyewe, kanywe kahawa. Ikileta makosa, zima, chomoa waya wa umeme, na kama ni laptopu toa na betri, kisha ung'oe RAM. Kwetu pwani hewa ya chumvi haina huruma: angalia zile meno za rangi ya dhahabu, mara nyingi zina weusi. Zisugue taratibu kwa raba safi ya kufutia penseli, pangusa vumbi la raba lote, rudisha mpaka usikie imeshika, upime tena. Makosa yakibaki, nunua nyingine, na muuzaji akupimie mbele yako kabla hujatoa pesa.