Ukaa Unakaa Wapi?

Mbukwenyi! Ahsanteni. Nimeombwa nizungumzie mzunguko wa kaboni kwa nusu saa, na nitaanza na hizi glasi mbili za maji mnazoziona mezani. Bonge hili la udongo nimelichukua asubuhi chini ya mgunga, njia ya Msalato, hapa Dodoma. Hili jingine nimelitoa hatua thelathini kutoka pale, kwenye shamba la uwele linalolimwa kila mwaka. Kwa macho ni ndugu, rangi ile ile. Nayatumbukiza yote mawili, tuyaache, tutayarudia.

Kaboni kwa Kiswahili tunaiita pia ukaa, ukoo mmoja na kaa, makaa na mkaa. Mimi humo nasikia pia "kukaa". Wanaisimu mlio hapa mtaninunia, lakini kwa somo la leo kosa hilo linanifaa, maana maswali ni mawili tu: inakaa wapi, na inakaa muda gani?

Angahewa ina kama tani bilioni 880 za kaboni. Mimea yote ya dunia, kuanzia misitu ya Kongo hadi majani ya hapo uani, ina karibu nusu ya kiasi hicho. Udongo, ukichimba mita moja tu, una takriban tani bilioni 1,500. Bahari inawashinda wote, bilioni 38,000 hivi. Kwa hiyo anayezungumzia miti peke yake anahesabu hela za mfukoni na kusahau kibubu kilichofukiwa chini ya kitanda.

Tazameni kipande hiki cha mkaa. Wengi hudhani mti hula udongo ndio unanenepa. La. Ulivuta hewa ukaa, yaani kaboni iliyoungana na oksijeni, kupitia vitundu vya majani, ukaiunganisha na maji kwa nguvu ya jua, ukapata sukari, na sukari ikawa ubao. Ubao mkavu, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni, na kaboni hiyo ilitoka hewani. Sasa mchoma mkaa anaufukia kwenye tanuri la udongo. Kilo kumi za kuni humpa kilo moja, akibahatika mbili. Sehemu kubwa ya kilichobaki imeshaondoka na moshi kabla gunia halijafika sokoni Majengo. Kisha jikoni, kila kilo ya kaboni inayoungua hujichukulia oksijeni na kuwa karibu kilo 3.7 za hewa ukaa. Kitu kilichokaa mtini miaka thelathini kinarudi hewani kabla mlenda haujaiva. Simlaumu mtu, jiko la mkaa ninalo hata mimi.

Udongo ndio unaonigusa zaidi. Mizizi hufa humo, majani huanguka, ng'ombe huacha samadi, mchwa hushusha mabua chini. Vijidudu huvila vyote hivyo, na kama sisi, wakila hupumua hewa ukaa. Lakini si yote. Kaboni nyingine hunata kwenye chembe za mfinyanzi, au hujificha ndani ya bonge ambamo vijidudu hawaifikii, na humo inaweza kukaa mamia ya miaka. Jembe likivunja bonge, mlango umefunguliwa. Ardhi ikifyekwa na kulimwa mfululizo, kupoteza theluthi ya kaboni yake au hata nusu si jambo la ajabu. Baba yangu alikuwa akiberega: anafyeka, anachoma, anapanda bila kutifua. Nilipokuwa kijana nilimwona mvivu. Leo nasema kwenye kutotifua alinishinda, kwenye kuchoma mabua nilimshinda.

Waliotifua kwelikweli walikuja Kongwa mwaka 1947. Waingereza walitaka karanga. Walileta matrekta, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, wakang'oa vichaka na kuhangaika na mibuyu. Ardhi ikabaki uchi, jua likaikausha ikawa ngumu kama sakafu. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, paundi milioni 36 hivi zimekwisha.

Kondoa ni hadithi nyingine. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililomomonyoka. Nyasi na miti vilirudi vyenyewe. Watu waliumia kwa amri ile na siombi irudiwe, ila ilituonyesha kwamba mizizi ilikuwa bado hai huko chini. Ofisi fulani, siitaji, iliwahi kutuletea miche mia mbili tukaipanda mwezi wa sita. Picha zikapigwa. Mwezi wa nane vilibaki vijiti, na katikati yake visiki vya zamani vilikuwa vimechipua bila kumwagiliwa na mtu. Wanaofanya kisiki hai hapa Dodoma, yaani kutunza machipukizi ya visiki badala ya kupanda miche, wananielewa.

Upo pia mwendo wa polepole mno. Majabali haya ya granaiti yanayotuzunguka yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Mvua ikishuka huchukua hewa ukaa kidogo, inakuwa tindikali hafifu, na kuyalamba. Kaboni inasafiri ndani ya maji. Ikiingia mto Kinyasungwe itafuata mto Wami hadi Bahari ya Hindi, na huko sehemu yake itakuwa gamba la kome. Ikiingia mto Bubu itaishia kwenye kinamasi cha Bahi, ambako maji hayana njia ya kutokea. Yanakauka, na chokaa inabaki ardhini. Volkano kama Oldoinyo Lengai hurudisha kaboni ya ndani ya ardhi angani, lakini volkano zote pamoja hazitoi hata sehemu moja ya mia ya tunachotoa sisi kwa makaa ya mawe, mafuta na gesi: takriban tani bilioni 37 za hewa ukaa kwa mwaka. Ndiyo maana hewani tumetoka sehemu 280 za hewa ukaa kwa kila milioni, kabla ya viwanda, tukapita 420.

Mzee pale nyuma ameuliza: "Mwanangu, hiyo biashara ya kaboni, nitalipwa kwa mgunga wangu?" Mzee wangu, kanuni za biashara hiyo zipo tangu 2022, na Wahadzabe wa Bonde la Yaeda wanalipwa kwa msitu wao. Ila mnunuzi atakuuliza lile lile: itakaa muda gani? Ukiukata mgunga mwakani, hakuna ulichomuuzia.

Haya, glasi. Bonge la shambani limeshakuwa tope, hata umbo halina. La chini ya mgunga, linaloshikwa na kaboni yake, limetoa mapovu mawili matatu, basi. Sogeeni mlitazame, ila msitikise meza.