Chaki ya Mzee wa Tarumbeta

DULA: Haya tupo hewani, sauti imekwaruza kidogo mnisamehe, wiki hii nimeshinda msibani Magomeni siku tatu. Yule mzee wangu wa tarumbeta, wale wa siku nyingi mnamjua, nimemsema humu mara kibao, ametutoka. Miaka 86.

REHEMA: Mungu amrehemu. Pole sana kaka'ngu. Na Dula kaja na daftari leo jamani, kaandika mafunzo matatu kutoka maisha ya mzee.

DULA: Matatu, yapo hapa. Ila kabla hatujafika huko shika hii kwanza.

REHEMA: Nini, chaki?

DULA: Ya mzee, ile ya kupaka ncha ya fimbo ya pool. Mjukuu wake kanipa juzi nilivyoenda kuhani. Alikuwa anaiweka mfuko wa shati, ndo maana mashati yake yote yana doa la bluu hapa kifuani, mama, mke wake, kafua miaka na miaka halitoki.

REHEMA: Imeshanichafua vidole. Mbona yake haina shimo? Za baa zote zina shimo katikati.

DULA: Umeona eeh! Zile zina shimo kwa sababu watu wanachomeka fimbo wanazungusha kama wanatwanga kisamvu. Mzee alikuwa anakunyang'anya kabisa. Anakwambia paka taratibu, unapangusa juu ya ngozi ile ya kwenye ncha, unageuza fimbo, unapangusa tena, kama unampaka mtoto poda. Maana ukizungusha, kingo za ngozi hazipati kitu, na ukitaka kuuzungusha mpira mweupe unapiga pembeni, kule kule ambako chaki haijafika, basi fimbo inateleza mpira unaenda kwa shangazi yake.

REHEMA: Mi nilijua ni chaki ya ubaoni tu wameitia rangi.

DULA: Hapana, ndo nimeenda kusoma usiku. Zamani kweli walikuwa wanatumia chaki ya kawaida, sasa mwaka 1897 kule Marekani mcheza biliadi mmoja, William Spinks, akishirikiana na mkemia, wakachukua hati ya uvumbuzi wa hii ya kisasa, ndani yake kuna unga wa silika, yaani jamii ya mchanga, ndo unaokwaruza kidogo ngozi ishike mpira.

REHEMA: Kwa hiyo mzee alikuwa anatembea na mchanga mfukoni.

DULA: Miaka thelathini! Na alikuwa anasema kupaka chaki ni sawasawa na kulowesha midomo kabla hujapuliza. Hapo ndo nikamuelewa. Tarumbeta inakaa kwenye midomo, midomo inaegemea meno ya mbele, mzee meno ya mbele yalimtoka bado ana nguvu zake, hewa ikawa inavuja pembeni, noti za juu hazipandi. Bendi ikamweka kwenye kupiga manyanga, mwaka haukuisha akaondoka. Ndo akahamia kwenye pool moja kwa moja.

REHEMA: Si alikuwa anacheza tangu yupo bendi?

DULA: Alikuwa anacheza, wakimaliza kupiga saa tisa usiku anasubiri daladala za alfajiri pale mezani. Ila baada ya meno ndo ikawa maisha. Na ungemuona anavyoizunguka ile meza, hatua nne, anasimama, hatua nne, anasimama, anahesabu kama wanamuziki wanavyohesabu kusubiri zamu yao ya kupuliza.

REHEMA: Mafunzo, Dula.

DULA: Tunafika. Kilichoniuma ni wasifu. Tupo chini ya turubai, mtoto mkubwa anasoma, alizaliwa wapi, kasoma wapi, bendi alizopita, mke, watoto saba, wajukuu, kwisha. Pool hakuna. Hata neno moja! Nilitaka kusimama.

REHEMA: Afadhali hukusimama.

DULA: Kwa nini?

REHEMA: Kwa sababu ule msiba ni wa watoto wake. Wewe ulimpata mzee pale baa jioni, anacheka, anakufundisha chaki. Wao walikuwa nyumbani wanamsubiri. Usiku yupo dansini, alfajiri yupo mezani, mchana kalala. Mtoto aliyekulia hivyo ukimwambia asimame mbele za watu aisifie pool, unamuonea. Tena pool yenyewe unajua inavyosemwa mjini hapa, mchezo wa wavivu, ilifika mahali vijana wanakamatwa kwa kucheza asubuhi.

DULA: Sawa, ila sikiliza. Bendi kubwa za hapa zilikuwa za taasisi. NUTA Jazz, 1964, ya chama cha wafanyakazi, ikaja ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo Msondo Ngoma. Vijana Jazz, ya umoja wa vijana wa chama tawala. Mlimani Park ikaja kuwa ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Vyombo ni vya mwenye bendi, ukihama unaacha tarumbeta pale pale. Mzee Gurumo, mwimbaji wa bendi hizo hizo, kaimba zaidi ya miaka hamsini, gari lake la kwanza kapewa na Diamond 2013. Sasa huyu mzee wangu hakuwahi kumiliki tarumbeta maisha yake yote! Ile fimbo yake ya vipande viwili, kwenye mfuko alioshonewa na mama, ndo chombo pekee kilichokuwa chake. Unamzikaje mtu bila kuitaja?

REHEMA: Mfuko kashona mama?

DULA: Kwa kitambaa cha kitenge.

REHEMA: Basi mama anajua, na mama aliusikia ule wasifu akanyamaza. Hiyo ni yake, siyo yako.

DULA: Kunyamaza msibani siyo kukubali, Rehema.

REHEMA: Wala siyo kukuomba wewe umsemee.

(kimya)

DULA: Sikubali.

REHEMA: Na mimi sikubali. Mjukuu kakupa chaki, si ndiyo? Hawakuitupa. Wameisema kwa namna yao.

DULA: Kanipa pembeni, nyuma ya nyumba, kwenye masufuria. Hicho ndo kinaniuma.

REHEMA: Mwenye studio anaonyesha dakika mbili. Soma basi hata moja.

DULA: La kwanza lilikuwa... aah, hata sijui kama ni la kusoma sasa hivi. Acha.

REHEMA: Haya chaki yako.

DULA: Kaa nayo mpaka Ijumaa, tutapita pale mezani kwake. Utapaka mwenyewe.

REHEMA: Fimbo ipo wapi?

DULA: Ipo kwa mama, chumbani. Sijathubutu kuuliza.