Mkopo Unaanzia kwenye Cheti cha Kuzaliwa

Wazazi wangu, shikamooni. Na ninyi wanangu wa kidato cha sita, marahaba, ingawa hamjaniamkia.

Mama mmoja kanishika mkono pale mlangoni: "Mwalimu, huu mkopo wa chuo si mpaka uwe na mtu huko juu?" Nikamwambia, mtu ninayemwogopa mimi ni yule aliyejaza cheti cha kuzaliwa cha mwanao.

Bodi ya Mikopo haitakuja kuona nyumba yenu imeezekwa na nini. Inasoma karatasi. Nilikuwa na kijana hapa, yatima kweli, baba yake tulimzika wote. Cheti cha kuzaliwa kinasema baba ni Athumani. Cheti cha kifo kinasema Othman. Sisi tunajua huyo ni mtu mmoja, kompyuta haijui. Tukahangaika na marekebisho, nauli juu ya nauli, mpaka dirisha la maombi likabaki na siku nne. Kwa hiyo leo usiku, kabla ya kulala, toa vyeti vyote, vipange mezani, usome jina herufi kwa herufi. Kisha vipeleke vikahakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Wa Zanzibar wana mamlaka yao ya usajili huko kwao. Usingoje matokeo ndiyo uanze.

Namba ya mtihani wa kidato cha nne uliyoombea chuo ndiyo hiyo hiyo uombee mkopo. Wanaorudia mitihani ndio hujikwaa hapa. Kama kaya yenu iko TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, andikeni namba ya kaya. Msione haya, hiyo ni sifa, maana mkopo unatolewa kwa kuangalia uhitaji. Mwenye ulemavu anahitaji fomu iliyosainiwa na mganga mkuu.

Ada ya maombi ni shilingi 30,000, na hairudi. Akitokea mtu wa steshenari na "elfu kumi ya kuharakisha", mwacheni na elfu kumi yake ya hewa.

Sasa saini. Fomu inachapwa, unasaini wewe, mdhamini, serikali ya mtaa au kijiji, halafu hakimu au wakili, ndipo inapandishwa tena mtandaoni. Mimi nilikuwa mdhamini wa binti yangu. Nikaandika jina langu kwa herufi kubwa nzuri za ubaoni, nikabandika picha, nikasahau kusaini! Fomu ikarudishwa ikarekebishwe. Mwalimu mzima. Mama yake ananitania hadi leo.

Mzee pale nyuma ameuliza kama hii ni sadaka ya serikali. Hapana, baba, ni deni. Akipata ajira anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Na ninyi mnaocheka mkisikia "bumu", ile 10,000 kwa siku ya chakula na malazi imo ndani ya deni hilo hilo.

Ukikosa, au ukipewa kidogo kuliko hali yenu, kuna dirisha la rufaa. Rufaa ni kuleta karatasi ambayo haikuwepo mwanzo. Barua ya kulia haisaidii.

Haya, wewe wa mbele mwenye bahasha ya kaki, ilete hapa mezani. Tuanze na jina la baba.