Marehemu Naye Ni Wetu

Mhadhara kwa waandishi vijana, Mtwara, umeandikwa kama ulivyosemwa

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na wale wa habari za jioni, habari za jioni. Mwenyekiti kanipa dakika 40. Nitazila zote na za swali na jibu, na yeye anajua, ndiyo maana kakaa karibu na mimi.

Nianze na nyundo.

Nimekuwa karani wa mahakama miaka 31. Nimefuatana na majaji kwenye vikao vya mauaji hapa Mtwara, Lindi, Masasi, Newala, mpaka Kilwa Masoko. Katika miaka hiyo yote sijaona jaji akigonga nyundo. Hata siku moja. Jaji akitaka watu wanyamaze huvua miwani, basi, ukumbi unakuwa kaburi. Lakini mwaka huu nimeletewa miswada kumi na moja ya riwaya za mahakamani, na tisa ina nyundo. Jaji anagonga, anagonga tena, ukurasa wa pili anagonga. Huyu ni jaji au fundi seremala? [Vicheko]

Na baada ya nyundo inakuja juri. Kuna kijana wa Newala, yupo humu, simtaji, ameandika: "Juri imerudi!" Imerudi kutoka wapi, mwanangu? Haikuwahi kwenda. Sisi tulikuwa na wazee wa baraza, wawili au watatu, wanakaa na jaji, wanatoa maoni, na jaji hafungwi na maoni yao. Tangu mwaka 2022 hata hao si lazima tena. Anayeamua ni mtu mmoja na kalamu yake.

Mtaniambia mzee anakosoa vitu vidogo. Hapana. Ningekuwa mtu wa vitu vidogo ningeanza na tahajia zenu. Nasema hivi: mkiazima korti ya kwenye televisheni mnaitupa ya kwenu, na ya kwenu inatisha zaidi.

Chukueni huo mswada wa Newala. Wakili kijana yuko Dar es Salaam, anapigiwa simu kwamba kaka yake kashtakiwa kwa mauaji. Anashuka uwanja wa ndege na suti yake, na kesho yake kesi inaunguruma Mahakama Kuu. Kesho yake! Mimi nikafunga mswada, nikaenda kunywa maji. Kesi ya mauaji inaanzia kwa hakimu, na kitu cha kwanza mshtakiwa anachoambiwa ni kwamba hatakiwi kujibu chochote, kwa sababu mahakama hiyo haina mamlaka ya kuisikiliza. Mtu kaja na jibu lake limemjaa kifuani, anaambiwa alirudishe. Dhamana hakuna. Karandinga, gereza la Lilungu. Baada ya wiki mbili analetwa: upelelezi haujakamilika. Wiki mbili nyingine: haujakamilika. Mikorosho inapigwa salfa, inachanua, korosho zinaokotwa, zinapelekwa ghalani, zinapigwa mnada, watu wanalipwa na wanamaliza kula hela yote, upelelezi haujakamilika. Ukikamilika maelezo ya mashahidi yanasomwa, jalada linapanda Mahakama Kuu, halafu mnasubiri kikao. Mama yake mshtakiwa ameacha kuhesabu kwa miezi, anahesabu kwa mabakuli ya chakula aliyopeleka gerezani. Hapo pana kurasa mia mbili za riwaya, na wewe umezipita kwa ndege.

Lakini hata hilo si langu la leo. Langu la leo ni marehemu.

Kwenye miswada hii yote marehemu anakufa ukurasa wa kwanza na hatumwoni tena. Ni "mfanyabiashara tajiri". Hana mama, hana mkeka wa msiba, hana mtani wa kumtania kaburini. Ni maiti ya kuanzishia hadithi. Sasa niambieni nyie watu wa Kusini, huku kwetu nani anamuua nani? Mpaka wa shamba la mikorosho. Urithi. Wivu. Uraka, ile pombe ya mabibo, msimu wake ukifika watu wamekaa tangu adhuhuri. Aliyekufa na anayeshtakiwa wamekula sinia moja tangu utotoni. Kwa hiyo wakili akiwa ndugu wa mshtakiwa, basi huyo huyo ni ndugu wa marehemu. Alilishika jembe makaburini. Marehemu naye ni wetu! Hili neno nimelisema Lindi, nimelisema Masasi, nalisema hapa, na mwakani mkiniita nitalisema tena.

Nawapa hadithi bure. Nimeigawa mara nyingi, hakuna aliyeichukua, wote mnataka mfanyabiashara tajiri.

Wakili ni mjomba. Mnaofuata upande wa mama, Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, sihitaji kuwaeleza mjomba ni nani. Mpwa akivunja chungu cha watu, aitwe mjomba. Akitaka kuoa, aitwe mjomba. Akiua? Aitwe mjomba. Sasa huyu mjomba kwa bahati mbaya ana shahada ya sheria. Mpwa wake, mtoto wa dada yake, kashtakiwa kumuua mtoto wa mama mkubwa wa huyu mjomba. Na mama mkubwa ndiye shahidi wa pili wa Jamhuri, yaani wa upande wa mashtaka.

Naona mkono. Shusha, najua unachouliza: mzee, wakili haruhusiwi kumtetea ndugu yake. Nani kakwambia? Undugu peke yake haumzuii. Kinachomfunga ni kuwa wakili na shahidi katika kesi hiyo hiyo, huwezi kuvaa joho halafu upande kizimbani kuapa. Na hapo ndipo mwandishi mwenye akili anapopiga kambi. Wakili wetu alikuwa msibani. Usiku wa pili, nyuma ya nyumba, mpwa wake alimwambia sentensi moja. Hajakamatwa bado. Sentensi moja tu. Je, aliisikia kama wakili, au kama mjomba? Akiisema, kesi imemtoka na mtoto kamtoka. Asipoisema, atasimama nayo mdomoni miaka yote ya kesi. Msomaji anaijua, jaji haijui. Unataka bunduki ya nini tena?

Twende mahakamani. "Koooorti!" Watu wanasimama. Mama mkubwa ameshatoa ushahidi wake kwa wakili wa Serikali: aliamka usiku, akasikia kishindo, akaona kwa mwanga wa koroboi mtu ameshika panga, akamtambua. Ni zamu ya maswali ya dodoso. Wakili anasimama, joho jeusi, bendi nyeupe shingoni. Mbele yake yuko mwanamke aliyembeba mgongoni mwezi mzima mama yake alipolazwa Ligula. Anafungua mdomo. Na neno lililomjia mdomoni ni shikamoo.

Tulieni hapo. Msikimbie. Ukoo mzima umejaa mabenchi ya nyuma, nusu wamekaa kushoto, nusu kulia, na wote wanasikiliza neno la kwanza. Akiamkia, amekiri mbele ya korti kwamba yeye ni mtoto hapa. Asipoamkia, hata akishinda kesi harudi kijijini. Anameza mate. Anasema, "Shahidi."

Na yule mama, hajaamkiwa, anajibu: "Marahaba, mwanangu."

[Kimya, kisha makofi]

Jaji anaweka kalamu chini. Mnaona? Hakuna nyundo. Kalamu imewekwa chini, na karani pale pembeni, yaani mimi, nimeacha kupumua.

Halafu inakuja koroboi. Wanafunzi wa sheria mliomo humu mnaijua hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1980 kuhusu utambuzi, sina haja ya kuisoma. Shahidi alimwona mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwa wa namna gani, alikuwa anamfahamu kabla? Mwanga ukiwa hafifu shahidi anaweza kusema kweli yote aliyo nayo na bado akakosea. Na mahakama zetu zimesema zaidi ya hapo: hata anayemtambua ndugu yake au rafiki yake huweza kumkosea. Hata ndugu humkosea ndugu! Hilo limo kwenye vitabu vya sheria, na nyie mnatafuta hadithi Marekani.

Kwa hiyo anauliza. Koroboi ilikuwa wapi? Juu ya kinu, kilichopinduliwa. Utambi ulikuwa mrefu au mfupi? Wa kawaida. Wa kawaida kiasi gani, shahidi? Mama anaonyesha ncha ya kidole. Jaji: "Taratibu, wakili, naandika." Kila jibu linaandikwa kwa mkono, na kati ya jibu na swali kuna mkwaruzo wa kalamu tu, na shahidi anamtazama mwanawe. Mlango ulikuwa wazi? Ulikuwa wazi. Kulikuwa na upepo? Huu ni mwezi gani kwetu usio na upepo? Umbali? "Kutoka hapa hadi kwa Mheshimiwa." Jaji anapima kwa macho, anaandika hatua saba. Ulimjuaje? Na mama anasema: "Kwa anavyoinama mlangoni. Mjukuu wangu huyu, nimempokea mimi alipozaliwa."

Kazi ya wakili sasa ni kumthibitishia jaji kwamba bibi hamjui mjukuu wake. Ndiyo kazi yenyewe. Na yeye anakumbuka sentensi ya nyuma ya nyumba.

Nasikia mtu kule nyuma ananong'ona "kasi". Wasomaji wanataka kasi, mzee. Kasi iko kwenye bodaboda. Mimi nimeona watu wazima wametoka jasho kwenye korti yenye feni, kwa swali la utambi.

Na akishindwa? Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu: aliyetiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia anahukumiwa kifo. Jaji hana kiwango cha chini wala cha kati cha kuchagua. Ni kweli hakuna aliyenyongwa nchini tangu 1994, na ni kweli mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha ilisema kumfunga jaji mikono namna hiyo kunakiuka haki ya kuishi. Lakini kumbukeni, hukumu inasomwa kwa sauti, na mama wa mshtakiwa hasomi majarida ya haki za binadamu. Yeye amesikia neno kamba.

Muda? Dakika tano? Mwenyekiti, umesema arobaini. Haya.

Mengine yote nayapita kwa mbio. Kuna kesi ndani ya kesi, pale mshtakiwa anaposema maelezo ya onyo, yale ya polisi, aliyatoa kwa kipigo, kesi kubwa inasimama wanasikiliza hiyo ndogo, hiyo peke yake ni sura tatu. Kuna mlinzi wa amani, anayeandika ungamo la mshtakiwa nje ya polisi, muulizeni hakimu wa Mahakama ya Mwanzo aliye jirani yenu. Kuna lugha: tangu 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo yule wakili wenu anayesema "objekshini" mrekebisheni, anasema "pingamizi". Na kuna mlango wa tatu kwa wakili wetu, kuua bila kukusudia: walikunywa, wakagombana, hakupanga. Ni mlango mzuri, ila ukiupita umekubali kwamba alikuwepo, na ile hoja ya koroboi unaizika kwa mkono wako mwenyewe. Mjomba achague. Nilitaka kulikalia hili nusu saa, basi.

La mwisho si la kusema. Nimekuja na koroboi yangu, hii hapa, ya kopo la maziwa, mafuta ya taa nimenunua Chikongola asubuhi. Nimeiwasha, naiweka juu ya kiti. Kijana, zima taa zote za ukumbi. Zote. Funga dirisha la upande wa bahari, la huku liache wazi, tunataka upepo kidogo.

Kuna mtu nimemwomba aingie mlangoni, asimame, ainame kidogo, atoke. Mmeshinda naye tangu saa nne asubuhi, wengine mmekula naye meza moja mchana. Hesabu mpaka tano.

Ameshatoka. Msisemezane! Karatasi mnazo. Kila mtu aandike jina, na aandike kama yuko tayari kuliapia. Mkimaliza tutawasha taa.